Karatasi Kwenye Mlango wa Mtendaji: Ni Nani Hasa Anasema Nawe?

Mlango wa ofisi ya mtendaji wetu wa kata ni wa mbao, na rangi yake ya kijani huioni tena kwa karatasi. Juu kabisa kuna tangazo la chanjo ya mifugo. Chini yake ipo orodha ya wapigakura ya uchaguzi uliopita, jua limeshaifuta nusu. Halafu mikopo ya vikundi, ratiba ya mgao wa maji, onyo kwa wenye mbuzi wanaozurura sokoni, wito wa mkutano wa hadhara "saa 3:00 asubuhi bila kukosa", na kipande kimoja kilichochanika kikabaki na maneno "atachukuliwa hatua kali za kisheria". Nani atachukuliwa hatua na kwa kosa gani, hakuna anayekumbuka.

Kwa mpita njia, karatasi zote hizo ni sauti moja: serikali imesema. Nami niliishi na imani hiyo mpaka masika ya mwaka juzi, kalavati la njia yetu lilipozama upande mmoja na bajaji zikaacha kufika. Nilianza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alinisikiliza vizuri, akaniandikia kikaratasi kwenda kwa mtendaji wa kata. Mtendaji akagonga muhuri, akanielekeza halmashauri. Makao makuu ya halmashauri yako kilomita arobaini na kitu kutoka kwetu. Nikapanda basi dogo la asubuhi, nikafika saa tano, nikapanga foleni masjala. Kijana wa masjala aliisoma barua yangu hadi mwisho, akaikunja, akasema kwa upole: "Mzee, barabara si zetu." Akanionyesha jengo jingine ng'ambo ya maegesho ya magari. Hatua sitini hivi. Siku nzima ya kazi na nauli ya kwenda na kurudi viliteketea kwa kutojua mlango.

Kwa hiyo hapa nataka kufafanua jambo hilo moja: ukiona tangazo, au ukiwa na shida, unaujuaje mlango wake? Mara nyingi jibu limeandikwa kwenye karatasi yenyewe, ila si pale macho yetu yanapokimbilia. Sisi hukimbilia neno YAH na zile herufi nzito zilizopigiwa mstari. Cha kusoma kwanza ni kichwa cha barua, na cha pili ni muhuri.

Mstari wa mwisho wa kichwa

Kichwa cha barua ya halmashauri huanza na Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kikashuka kwenye Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI. Kichwa cha barua ya Mkuu wa Wilaya nacho huanza hivyo hivyo. Cha wakala wa barabara, TARURA, nacho kinapitia humo humo. Ndiyo sababu zinatuchanganya. Mistari ya juu ni jina la ukoo. Jina la mhusika mwenyewe liko chini kabisa, na ndilo la kusoma.

Mkuu wa Wilaya ni Serikali Kuu iliyokaa wilayani. Anateuliwa na Rais, anaongoza kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, na katika mstari wake wamo Katibu Tawala wa Wilaya na maafisa tarafa. Halmashauri ni mti mwingine uliooteshwa kiwanja kimoja naye. Ina madiwani tuliowapigia kura kwenye kata zetu, nao wakamchagua mwenyekiti wao miongoni mwao. Ina mkurugenzi, ambaye anaongoza watumishi na ndiye katibu wa baraza la madiwani. Mkurugenzi pia huteuliwa na Rais, jambo linalozidi kuwachanganya watu, lakini anaposaini tangazo anasaini kwa niaba ya halmashauri, wala si ya Mkuu wa Wilaya. Tangazo la ada za soko likisainiwa na mkurugenzi, wa kuulizwa bungeni kwenu, yaani kwenye baraza, ni diwani wako. Agizo la usalama likisainiwa kwa Mkuu wa Wilaya, diwani anaweza kukusikiliza tu.

Miti hii miwili haikuwa miwili siku zote. Mwaka 1972, katika mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani, halmashauri zilifutwa na kazi zake zikaingia mikononi mwa watumishi wa Serikali Kuu mikoani na wilayani. Za miji zilirudishwa 1978. Mwaka 1982 zikatungwa sheria tatu ambazo hadi leo, pamoja na marekebisho mengi, ndizo msingi wa kila karatasi unayoiona pale mlangoni: Sheria Na. 7 ya mamlaka za wilaya, Na. 8 ya mamlaka za miji, na Na. 9 ya fedha za serikali za mitaa. Halmashauri za wilaya zikaanza upya 1984. Katiba yenyewe, ibara ya 145 na 146, inasema kuwepo kwake na kazi yake, na neno linalotumika humo ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Nalitaja kwa sababu kuna watumishi wanaozungumza kana kwamba madaraka hayo ni hisani yao.

Mwenyekiti tunamchagua, mtendaji tunaletewa

Hapa ndipo wengi hujikwaa, hata waliosoma.

Mwenyekiti wa kijiji, wa mtaa au wa kitongoji ni jirani yako. Ulimpigia kura, mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2024, na uchaguzi huo huja kila miaka mitano, mwaka mmoja kabla ya ule wa Rais, wabunge na madiwani. Mtendaji ni mwajiriwa. Ana barua ya ajira, ana mshahara, anaweza kuhamishwa kesho. Mtendaji wa kijiji ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji, ile yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Mtendaji wa kata ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani. Kwa maneno mengine, kila ngazi ina mtu wa kuamua pamoja na wananchi na mtu wa kutekeleza na kutunza makaratasi. Ukitaka ahadi itimizwe, msumbue mwenyekiti au diwani, maana anataka kura. Ukitaka barua, nakala, muhtasari wa kikao au risiti, ni kwa mtendaji.

Vipi kuhusu balozi wa nyumba kumi? Mfumo huo ulianzishwa na chama cha TANU miaka ya 1960, na tangu vyama vingi viliporudi 1992 umebaki kuwa ngazi ya chama, si ya serikali. Balozi wa upande wetu bado hugongewa mlango usiku ugomvi wa mke na mume unapowaka, na kwa kazi hiyo Mungu amzidishie. Lakini barua yake haifungui akaunti benki.

Barua ya utambulisho ndiyo huduma inayotupeleka wengi pale ofisini: ya benki, ya shule, ya kumdhamini kijana polisi. Fomu ya kitambulisho cha taifa nayo ina mahali pa kugongwa muhuri. Nenda na mtu anayekufahamu ikiwa umehamia karibuni, kwa sababu muhuri huo hausemi zaidi ya "tunamfahamu, anaishi hapa". Nalirudia kwa makusudi: hausemi zaidi ya hapo. Karatasi ya kuuziana kiwanja iliyogongwa muhuri wa mwenyekiti ni ushahidi kwamba mlikaa, mkakubaliana, na fulani na fulani walishuhudia. Haigeuki hati miliki hata ukiifunga kwenye nailoni na kuiweka chini ya godoro miaka ishirini.

Mji mdogo: si kijiji, si mtaa

Sasa tufike kwenye fundo linalowahusu hasa watu wa miji kama yetu. Tanzania ina vijiji 12,333 na vitongoji 64,274 kwa hesabu iliyotolewa kabla ya uchaguzi wa 2024, pamoja na mitaa zaidi ya elfu nne. Mtaa upo mijini tu: kwenye halmashauri za miji, manispaa na majiji. Kijiji kipo hasa kwenye halmashauri za wilaya, nacho kimegawanywa kwa vitongoji. Halafu kuna mji mdogo, kama Mirerani kule Simanjiro au Kibaigwa ya soko la mahindi wilayani Kongwa, ambao umeshakuwa na maduka, stendi na nyumba zilizobanana, lakini bado umo ndani ya halmashauri ya wilaya. Katika muundo wa mamlaka ya mji mdogo hakuna kijiji tena, na mtaa bado haujazaliwa. Kilichopo ni kitongoji. Uchaguzi wa 2024 ulikuwa na kanuni za peke yake kwa vitongoji vya miji midogo, tofauti na kanuni za vijiji na za mitaa, na watu wengi waliopiga kura hawakujua hilo.

Lina maana gani kwa mtu wa kawaida? Kubwa ni ardhi. Kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoridhia ugawaji. Hati yake ni ya hakimiliki ya kimila. Eneo likishatangazwa kuwa mji na kuingizwa kwenye upangaji, ardhi yake inahamia kwenye Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka huo huo. Sasa wanahitajika mpimaji, mchoro wa mipangomiji na hati kutoka kwa Kamishna wa Ardhi. Wazee waliokuwa wanagawa kwa hatua za miguu chini ya mwembe hawana tena mamlaka hayo, ingawa hakuna aliyewanyang'anya mwembe. Ndiyo chanzo cha lile tangazo linalowashtua watu: "Wananchi wote waliojenga eneo la mpango wa shule wanatakiwa kuondoka". Walionunua waliuziwa na mtu wa kweli, mbele ya mashahidi wa kweli. Ila aliyewauzia alikuwa anatumia sheria ya jana.

Na mgogoro wa mpaka ukizuka? Baraza la Kata lilikuwa linaamua kesi ndogo za ardhi. Tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Suluhu ikishindikana, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bado nakutana na watu wanaosema "tulishashinda kata", na wanaposema hivyo huwa wanazungumzia mwaka huu.

Vilivyohama

Turudi kwenye kalavati. Yule kijana wa masjala hakunifukuza, alisema kweli. Tangu Julai 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA. Barabara kuu na za mikoa ziko kwa wakala mwingine, TANROADS. Halmashauri hupendekeza na kupiga kelele, lakini greda si lake.

Maji nayo yalihama. Sheria ya maji ya 2019 iliunda wakala wa maji, RUWASA, kwa ajili ya vijijini na miji midogo mingi, na bomba lenyewe la kitaani linaendeshwa na chombo cha watumia maji, chenye kamati, mhasibu na fundi. Baadhi ya miji ina mamlaka yake ya maji. Ukitaka kujua uko wapi, chukua ankara ya mwezi uliopita usome jina la juu. Ratiba ya mgao pale mlangoni imebandikwa tu kwa mtendaji, ameazimwa mlango. Ukimfokea yeye unamwonea.

Kodi ya majengo ni kisa kingine. Iliwahi kukusanywa na halmashauri, ikaenda Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ndiyo maana mwanzoni mwa mwezi unanunua umeme na uniti zinakuja pungufu. Katika nyumba ya kupanga anayenunua umeme ndiye anayekatwa, wakati kodi ni ya mwenye nyumba, na kila mwezi kuna ua fulani watu hawasalimiani kwa sababu hiyo. Kodi ya pango la ardhi ni kitu kingine tena: hiyo ni ya Wizara ya Ardhi, kwa mwenye hati. Na kodi ya kichwa, ambayo wazee bado huitishia vijana, ilifutwa 2003.

Basi halmashauri imebakiwa na nini? Na mengi. Shule za msingi na sekondari, zahanati, vituo vya afya na hospitali ya wilaya, masoko, stendi, machinjio, taka, leseni za biashara za kawaida, maafisa ugani wa kilimo na mifugo, ustawi wa jamii. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa mchango ambao hukuujadili, dawa zikikosekana zahanati, taka zikikaa wiki mbili, huo ndio mlango.

Cheti cha kuzaliwa kipo katikati ya miti yote miwili. Wenye kazi ni RITA, wakala wa Serikali Kuu. Lakini kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kuenea mikoa mingine, usajili hufanyika kwenye vituo vya tiba na kwa mtendaji wa kata, bila ada. Akishavuka miaka mitano unahama mlango: ofisi ya RITA ya wilaya, ambayo kwa kawaida huwa kwa Mkuu wa Wilaya, na hapo kuna ada na viambatanisho. Tangazo la usajili wa watoto likibandikwa, usiliache lizeeke.

Pesa ina namba

Kipimo changu cha tangazo lolote linalotaja fedha ni kimoja. Je, inalipwa kwa kontroo namba? Namba hiyo ya malipo ya serikali inapeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya umma, iwe umelipa benki au kwa simu. Kwa ushuru mdogo wa sokoni na minadani kuna ile mashine ya mkononi inayotoa risiti papo hapo. Leseni ya biashara siku hizi inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI, na namba ya malipo inatoka humo humo. Ukiombwa "asilimia ya mwenyekiti" unapouza kiwanja, au "ya karatasi" unapochukua barua, omba kontroo namba kwa sauti ya kawaida, bila ubishi. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo, na chai ya mtu inabaki kuwa chai.

Kipimo hicho hicho kinakamata matangazo ya uongo yanayozunguka kwenye simu: nafasi za ajira za sensa ambayo haipo, ruzuku ya mbegu, mkopo wa kujisajili kwa kutuma elfu kumi kwenye namba ya mtu binafsi. Karatasi ya kweli ina kumbukumbu namba, ina tarehe, ina cheo cha aliyesaini, na anwani ya barua pepe ya ofisi inaishia na go.tz.

Tangazo linaloulizwa zaidi kuliko yote ni la mikopo ya vikundi, ile tunayoiita asilimia kumi. Tangu 2018 imo kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa: halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisitishwa 2023 kwa sababu ya marejesho mabaya na vikundi hewa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Watu husikia asilimia kumi wakadhani ni mlima. Piga hesabu. Halmashauri ikiwa na mapato ya ndani ya shilingi bilioni moja baada ya kutoa mapato lindwa, yaani yale yaliyokwishatengewa kazi maalumu, kapu lote la mwaka ni milioni 100: milioni 40 za wanawake, milioni 40 za vijana, milioni 20 za wenye ulemavu. Ugawe kwa kata zote. Ukiona kata yenu imepata vikundi vitatu, usikimbilie kusema vimeliwa. Kwanza omba orodha ya waliopata, kisha uliza marejesho ya mwaka jana, maana fedha iliyorejeshwa hukopeshwa tena. Wa kumwona ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, na mwone kabla tangazo halijabandikwa. Kikundi kinachoanza kutafuta katiba na usajili baada ya tangazo huwa kimeshachelewa.

Lile onyo la mbuzi

"Kwa mujibu wa sheria ndogo" ni maneno yanayotumika kama fimbo. Sheria ndogo ni sheria kamili, lakini ina njia yake ya kuzaliwa. Ya halmashauri ya wilaya hutangazwa kwa wananchi watoe maoni, hupitishwa na baraza la madiwani, huidhinishwa na waziri, kisha huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba ya tangazo. Ya kijiji hupita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri ya wilaya ikaridhia. Kwa hiyo mgambo akimshika mbuzi wako, au akikutoza faini kwa kutupa maji machafu, una haki ya kuuliza sheria ndogo gani, ya mwaka gani, kifungu kipi, na risiti iko wapi. Uliza baada ya kumfunga mbuzi. Mimi niliuliza kabla, nikapoteza ubishi na mbuzi kwa siku mbili.

Mkutano na mengineyo

Karatasi ndogo kuliko zote pale mlangoni huwa ni wito wa mkutano, na ndiyo tunayoidharau. La mgambo likilia kuna jambo, lakini siku hizi mgambo hulia kwa spika ya bajaji huku sisi tumefunga madirisha. Kijijini, mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na unatakiwa ufanyike angalau kila baada ya miezi mitatu. Humo husomwa mapato na matumizi. Mitaani na kwenye vitongoji vya mji mdogo ipo mikutano ya wakazi, na juu zaidi baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka, mikutano yake ikiwa wazi kwa mwananchi kwenda kukaa nyuma na kusikiliza. Nimekwenda mara mbili. Chai hupewa waalikwa tu.

Wakati wa mkutano una uzito kuliko ajenda yake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili. Kabla ya hapo halmashauri inakuwa imekwishafunga mapendekezo yake, na kabla yake Kamati ya Maendeleo ya Kata imekusanya vipaumbele vilivyotoka vitongojini na vijijini. Ukirudisha hesabu nyuma unafika kwenye mkutano wa miezi ya mwisho ya mwaka, ule unaoangukia msimu wa kuandaa mashamba, wenye watu kumi na saba na mbwa mmoja. Kero inayosemwa Mei hupigiwa makofi. Inayosemwa Novemba huandikwa.

Nilijifunza hilo kwenye lile jengo la ng'ambo ya maegesho. Afisa wa barabara alinipokea vizuri, akafungua kompyuta, akauliza barabara inaitwaje. Nikamwambia ile ya kutoka mashine ya kusaga kwenda kisimani. Akacheka kidogo, akageuza kioo nione. Kwenye orodha yake, kila barabara ilikuwa na jina na urefu wake, na yetu ilikuwa imeandikwa jina la mtu ambaye sijawahi kumsikia. "Andika hili," akasema, "maana kalavati lisilo na barabara siwezi kulitafutia fedha. Na lipitisheni kwenye kata kabla ya bajeti."

Novemba ilipofika nilikwenda mkutanoni. Ulioitwa wa saa tatu ulianza saa tano na robo. Mwenyekiti alipofika kwenye "mengineyo" nikasimama, nikalitaja kalavati kwa jina la barabara kama lilivyo kwenye orodha, mtendaji aliandike kwenye muhtasari. Nusu ya mkutano ikageuka na kuniuliza hiyo barabara iko mji gani.